Mzee wako anayeyusha betri za gari apate chubwi, vile vizito vya kuvulia? Soma hapa

Wavuvi wa Mikindani mpaka Msangamkuu nisikilizeni jamani. Risasi, yaani ile metali ya ndani ya betri (lead) na siyo ya bunduki, ukiivuta kwenye moshi au vumbi inajikalia kwenye mifupa miaka na miaka, halafu uzeeni mifupa ikianza kulika inarudi kwenye damu, presha inapanda, mishipa inakakamaa, moyo unateseka. So kwanza acheni kuyeyushia nyumbani, na lile sufuria la risasi lisirudi jikoni hata likisuguliwa vipi!! Mikono ioshwe na sabuni kabla ya kugusa ugali au sigara, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dagaa waliwe wazima wazima, kalsiamu inasaidia. Presha apime hata akijisikia freshi, na akifika hospitali ya Ligula, Mtwara, amwambie daktari kazi anayofanya, maana asipoambiwa hawezi kuiwazia risasi.