Seva ya programu yenye kadi mbili: kusanidi na kufuatilia violesura vya mtandao

Watumiaji wakilalamika kwamba mfumo unakokota, wengi hukimbilia hifadhidata. Mimi huanza na mtandao, kwa sababu kuukagua ni kazi ya dakika kumi tu.

Hapa natumia Ubuntu Server inayoendesha WildFly, yaani seva ya kuendeshea programu za Java. Mashine ina kadi mbili za mtandao: `enp1s0` ya watumiaji na `enp2s0` ya mafundi peke yao. Majina ya kwako yanaweza kuwa tofauti.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho

`ip -br addr`

Kila kiolesura (mlango wa seva kwenye mtandao, kama vile kadi) kinapata mstari wake: jina, hali na anwani. `lo` ni njia ya seva kuwasiliana na yenyewe, kwa anwani ya 127.0.0.1. Iweke akilini, tutaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kugusa chochote

`ip -s link show enp1s0`

RX ni pakiti (vipande vya data) zinazoingia, TX ni zinazotoka. Angalia safu za `errors` (makosa) na `dropped` (pakiti zilizotupwa). Namba hizi hujumlishwa muda wote, kwa hiyo kuona 300 hakukuambii kama tatizo ni la leo au la mwezi jana. Ziandike, subiri dakika tano, usome tena. `errors` zikizidi kupanda, shuku kebo, swichi au kadi yenyewe.

Kisha:

`sudo ethtool enp1s0`

Kadi ya gigabiti ikiwa kwenye swichi ya gigabiti inapaswa kuonyesha `Speed: 1000Mb/s` na `Duplex: Full` (inatuma na kupokea kwa wakati mmoja). Ukiona 100Mb/s, kagua kebo kwanza. Gigabiti inahitaji jozi zote 4 za nyaya, ilhali megabiti 100 zinatosheka na jozi 2. Jozi moja ikikatika, mtandao unaweza kuendelea kufanya kazi kwa kasi ndogo bila kutoa onyo lolote kwa mtumiaji. Niliwahi kumaliza siku mbili nikipekua hifadhidata, kumbe kebo ilikuwa imebanwa na mguu wa kabati. Tangu hapo sirukii hatua nyingine kabla ya `ethtool`.

Hatua ya 3: Sanidi anwani

Nakili kwanza faili iliyomo ndani ya `/etc/netplan/`, na nakala uiweke folda nyingine, maana Netplan, chombo cha Ubuntu cha kusanidi mtandao, husoma kila faili ya `.yaml` iliyomo humo. Halafu andika:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp1s0:
      addresses: [192.168.10.20/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1]
    enp2s0:
      addresses: [10.20.0.20/24]
```

Mwanzoni mwa mistari tumia kitufe cha nafasi (Space), usitumie kitufe cha Tab. Zingatia pia kwamba `enp2s0` haina njia ya `default`, yaani njia ya kutokea kwenda mitandao mingine. Ukiweka mbili, majibu yanaweza kutokea mlango usio sahihi.

Sasa jaribu:

`sudo netplan try`

Usipothibitisha kwa Enter ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi. Kama umeingia kwa SSH (njia ya kuendesha seva kupitia mtandao) ukiwa mbali, nakusihi usianze na `netplan apply`, ambayo haisubiri uthibitisho. Kosa moja la anwani litakufungia nje, na itabidi mtu aende hadi ilipo seva.

Hatua ya 4: Ielekeze programu kwenye kadi yake

WildFly ikiwashwa bila maelekezo husikiliza 127.0.0.1 tu, ndiyo maana wengi huona programu inafunguka ndani ya seva lakini nje haionekani. Iwashe hivi:

`./standalone.sh -b 192.168.10.20 -bmanagement 10.20.0.20`

`-b` ni anwani ya watumiaji, `-bmanagement` ni ya ukurasa wa usimamizi. Hakiki kwa `sudo ss -tlnp`. Unatakiwa kuona `192.168.10.20:8080` na `10.20.0.20:9990`. Ukikuta `0.0.0.0:9990`, ukurasa wa usimamizi unasikiliza kwenye kadi zote, ya watumiaji ikiwemo. Rekebisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Jaribu kutoka nje, kisha fuatilia

Ukiwa kwenye kompyuta nyingine:

`curl -I http://192.168.10.20:8080`

Ikikataliwa papo hapo, mara nyingi hakuna programu inayosikiliza kwenye anwani hiyo. Ikining'inia bila jibu, angalia ngome ya mtandao kwa `sudo ufw status`.

Kwa ufuatiliaji, sakinisha kifurushi cha `sysstat` na uendeshe `sar -n EDEV 60`. Kila dakika utaona makosa ya kila kadi kwa sekunde. Kwenye kadi isiyo na hitilafu, safu za makosa kwa kawaida hubaki sifuri.