Kukodi boti yenu wenyewe siku nzima ghuba ya Menai: angalieni mwezi kwanza, bei baadaye

Kila ikikaribia Idi na kila ikifika Disemba simu zinaanza, watu wa Dar na wengine wa Arusha, "tunakuja Unguja, tunataka boti yetu peke yetu, familia tu, tuzunguke visiwa tuvae miwani tuone samaki, boti bei gani?" Na mimi kabla ya bei nauliza mnakuja mwezi ngapi, namaanisha mwezi wa angani, wa kuandama. Watu wanadhani nawazungusha ila ndo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu bahari ya huku inapanda na kushuka mpaka karibu mita 4 siku za bamvua, na mahali watu walipocheza mpira asubuhi jioni unaweza kukuta watu wanaogelea.

Hesabu yenyewe nyepesi na ukiwa na kalenda ya Kiislamu huhitaji hata programu kwenye simu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 mpaka 3 hivi na 15 mpaka 17, ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na Unguja siku za bamvua maji yanakupwa mida ya saa nne mpaka saa tano na nusu asubuhi, yanajaa saa kumi saa kumi na moja jioni, ni hivyo hivyo mwaka mzima. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 8 na 22 na siku moja mbili mbele, ni maji mafu, hapo yanajaa asubuhi ya saa nne tano lakini hayajai sana na yakikupwa jioni hayaendi mbali. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Basi.

Sasa ona Idi. Idi ya mfungo mosi, ya kumaliza Ramadhani, siku zote ni mwezi mchanga kwa hiyo siku zote ni bamvua, ukipanga kutoka Idi pili saa nne asubuhi utakuta Fumba, pale mnapopandia boti, maji yameshakimbia boti iko kule mbali na nyie mko na mabegi na watoto. Idi kubwa, ya kuchinja, ni tarehe 10, hiyo iko kwenye maji mafu, mchana kumejaa vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, nilijifunza kwa miguu. Mara ya kwanza naenda na wanangu tulimpata mtu tu kwa simu akatuambia njooni saa nne, tukaja saa nne, tukatembea kwenye tope na majani ya bahari karibu nusu saa nimembeba mdogo mgongoni, tukafika kisiwa cha Kwale tukaambiwa tunaingia kwenye ile sehemu ya mikoko, kufika ni matope matupu, boti ikakaa juu ya mchanga na sisi tukakaa juani tunasubiri maji yarudi. Masaa mawili. Mdogo alilia mpaka akalala. Yule mtu alijua kabisa maji yatakuwaje ila alitaka hela ya siku hiyo.

Nazungumzia Menai kwa sababu ndo ninayoijua vizuri na ndo inayofaa watu wanaoanza. Ni ghuba iko kusini magharibi mwa Unguja, eneo la hifadhi tangu 1997, kilomita za mraba 470, na ndani yake kuna Kwale, Pungume, Miwi, Vundwe, Nyamembe na mafungu ya mchanga yanayotokea na kupotea. Mnapanda Fumba, kutoka mjini ni mwendo mfupi tu wa gari. Kisiwa cha Mnemba ni pazuri, matumbawe yake mengi, ila kule boti zinajazana mpaka unaogopa kuinua kichwa, na upepo wa kaskazi ukivuma kuna mawimbi. Kisiwa cha Chumbe kina utaratibu wake, ile ni hifadhi yenye wenyewe, huendi tu na boti uliyokodi ukashuka, lazima ubuku kwao.

Upepo nao uuangalie. Kaskazi inaanza Disemba mpaka Machi hivi, joto, na Menai nchi kavu inaikinga kiasi. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, mimi siendi kabisa, mvua na maji yanakuwa machafu. Kusi kali ni Juni mpaka Agosti, asubuhi mapema panapitika ila mchana bahari inachafuka, mkiwa na wazee au watoto bora msubiri. Oktoba na Novemba, upepo ukigeuka bahari inalala kama mafuta, ndo muda wangu, halafu Januari na Februari. Siku moja kabla tazama utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya mita 2 basi ahirisha, hata kama mmeshalipa, hata kama nahodha anasema hapana shida. Waliokuwepo 2012 wanakumbuka Skagit ilizama Julai tarehe 18 karibu na Chumbe, na ile ilikuwa meli, sembuse boti ya faiba.

Sasa boti. Usikubali picha tu ya WhatsApp, ukiweza nenda jana yake ukaione, au mtume ndugu aliyeko Unguja. Uliza ina leseni na imekaguliwa, watu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini wanakagua na mwenye boti halali hakasiriki ukimuuliza. Uliza mashine ngapi, mbili ni bora kuliko moja, ikiwa moja kuwe na ya akiba au boti ya pili karibu. Halafu majaketi, yahesabu kwa mkono wako, yatoshe watu wote na mabaharia, na ya watoto yawe ya watoto kweli, la mkubwa mtoto akianguka majini linapanda kichwani yeye anabaki chini. Kivuli kiwepo, turubai au tanga. Boya la duara lenye kamba ndefu. Redio au angalau simu mbili za mitandao tofauti kwenye mfuko usioingia maji.

Bei inajengwa na vitu hivi: mafuta, nahodha na baharia, chakula, miwani na mirija ya kupumulia, na ada ya kuingia hifadhi ambayo unapewa risiti. Muulize kimoja kimoja kipo ndani au kipo nje, kwa sababu ugomvi mwingi wa jioni unatokana na ada na mafuta. Ukisema "visiwa vitatu" mafuta yanapanda, na kwa kweli viwili vinatosha, siku ni fupi. Toa advansi kidogo kwa simu, nyingine mkirudi salama. Mkiwa nane kumi boti ya peke yenu inakaribiana na kwenda na kundi la watu msiowajua, mkiwa wawili itawauma, ila faida yake hii hapa: nyie ndo mnapanga muda, mnasimama mnapotaka, mama anavaa anavyotaka bila macho ya watu, adhuhuri ikifika mnaswali kwenye fungu la mchanga na nahodha mbele, na mkiwaona pomboo mnaweza kumwambia nahodha zima mashine tuwatazame kwa mbali, tusiwakimbize. Boti za makundi zinawakimbiza mpaka unawaonea huruma wale wanyama, wengine wana watoto ubavuni.

Ratiba nnayoipenda siku ya bamvua: muwe Fumba saa moja na nusu, mtoke saa mbili maji yanashuka bado yapo, mfike kwenye fungu limeshaanza kutoka. Hapo ndo pa kujifunzia na kuchezea mpaka saa tano na nusu. Maji yakianza kujaa ndo mnaenda mwambani, kwenye matumbawe, siyo kabla, hili watu wengi hawajui, maji yanayojaa yanaingiza maji ya bahari kuu, meupe, unaona mbali, yanayokupwa yanatoa tope la mikoko. Baada ya hapo chakula, na saa tisa kumi mnaingia kwenye mikoko ya Kwale kumejaa, mnaelea humo kwenye kivuli, na mnarudi Fumba boti inafika mpaka karibu na ufukwe. Siku ya maji mafu fungu litakuwa dogo au halipo asubuhi, ila mkondo hauna nguvu na maji yametulia, mkiwa na watoto au watu wasiojua kuogelea chagueni hizo.

Na wengi wetu hatujui kuogelea, tuseme ukweli, hata waliozaliwa pwani, hasa wanawake. Haizuii. Anza kwenye maji ya kiunoni. Miwani kwanza: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, ukiachia mkono ikabaki imenata hiyo ni yako, ikidondoka chukua nyingine. Mate kidogo ndani ya kioo, paka, suuza, haitaweka ukungu. Mwenye ndevu na sharubu maji yataingia, paka vaselini juu ya mdomo. Dada zangu mnaovaa hijabu, ule mpira wa miwani lazima ushike ngozi pande zote, ukikalia kitambaa hata kidogo maji yanaingia mpaka unakata tamaa, kwa hiyo rudisha kitambaa nyuma kidogo kwenye paji, vaa miwani, halafu vuta kitambaa juu ya mpira. Mkanda usikazwe sana.

Mrija ushike kwa meno taratibu, midomo inafunga, pua isahau. Simama tu, inamisha uso majini, pumua. Dakika tano bila kwenda popote. Moyo utaenda mbio mwanzoni, kila mtu unamwenda, ukitulia pumzi inakuwa ndefu. Maji yakiingia kwenye mrija puliza kwa ghafla na nguvu kama unatoa mbegu ya ubuyu, yanatoka juu. Ukishaweza hapo vaa jaketi, lala kifudifudi, mwache baharia akuvute na boya. Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya 60 na hajui kuogelea, alivutwa hivyo juu ya mwamba mzima, alipotoa uso alikuwa anataja majina ya samaki mmoja mmoja, pono, changu, tasi, kangaja, aliowapika maisha yake yote, akasema hakujua wakiwa hai wana rangi hizo.

Mwambani msikanyage. Tumbawe ni kiumbe, linakua polepole sana, na yetu yaliumia vibaya 1998 maji yalipopata joto yakageuka meupe, yaliyopo sasa ndo yaliyopona. Ukichoka elea, usitafute pa kusimama. Na chini kuna wale nungu wa baharini, weusi wa miiba mirefu, na kuna samaki-jiwe ambaye humwoni mpaka umemkanyaga, ikitokea loweka mguu kwenye maji ya moto kadri unavyovumilia na mwende hospitali haraka, msisubiri jioni. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, muache alipo, msimtoe majini kwa ajili ya picha, anakufa.

Muwe wawili wawili. Mkono juu ya kichwa maana yake niko salama, kupunga mkono maana yake njoo. Kubalianeni hivyo na nahodha kabla ya kushuka, na mwambieni waziwazi kwamba mtu akiwa majini mashine imezimwa na yeye yupo kwenye boti anahesabu vichwa, hayupo majini anapiga picha. Pangaboi ya mashine haina msamaha.

Vya kubeba ni vichache. Fulana ya mikono mirefu, mgongo unaungua usijue mpaka usiku. Kanga mbili tatu, zinafaa kwa kila kitu. Viatu vya kutembelea mwambani na kwenye tope, dawa ya kichefuchefu kumezwa nusu saa kabla ya kupanda au tangawizi ya kutafuna, na ukianza kujisikia vibaya tazama ng'ambo kwenye upeo, usiangalie simu. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri, kwenye madumu makubwa, chupa ndogo ndogo ndo hizo baadaye unazikuta zimenasa kwenye mikoko. Chakula waachieni wenyewe, samaki wa kuchoma kwa makaa, pweza, wali wa nazi, kachumbari, ukwaju, tikiti. Ila kula baada ya mwambani, siyo kabla, shibe na mawimbi havipatani.

Jioni mkishashuka lipeni iliyobaki hapo hapo mbele ya wote, baharia mpeni chake mkononi maana ndiye aliyewavuta siku nzima, na chukueni namba ya nahodha mwenyewe badala ya ya dalali. Mwakani msimuulize bei, muulizeni bamvua inaangukia tarehe ngapi.