Kabla Hamjawasha Magari: Nakuru hadi Kisumu kwa Njia ya Kerio

Watu wakisikia marafiki wawili wanatoka na magari ya spoti, swali la kwanza huwa yanakimbia kiasi gani. Kwa njia ninayoipendekeza hapa, ulizeni kwanza yanasimama vipi yakiwa yanateremka. Pa kukimbilia hapapo sana huko. Miteremko ndiyo imejaa.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Nakuru mnaelekea kaskazini kupitia Mogotio, mnapovuka ikweta, hadi Marigat. Hapo mnakata kushoto na kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, mnateremka Bonde la Kerio mpaka daraja la Chebloch, kisha mnaukwea ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach na kutokea Iten. Baadaye ni Eldoret, Kapsabet, Chavakali, na mteremko wa Kiboswa unaowamwaga Kisumu. Kesho yake mnarudi kwa Ahero, Awasi, Kericho na Mau Summit. Ni lami mwanzo hadi mwisho, ukiacha michepuko ya ujenzi siku ya kurudi. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Marigat na sakafu ya Kerio ni mita 1,000 na kitu, Kisumu ni kama 1,130. Kwa hiyo siku ya kwanza peke yake mnapanda zaidi ya mita elfu moja, mnazishuka, mnazipanda tena, na jioni mnazishuka tena.

Ndiyo maana ninaanza na mafuta ya breki, ambayo wenye magari wengi huyasahau mpaka taa iwake. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa taratibu, hata gari likiwa limeegeshwa tu nyumbani. DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155, na mtu anayekanyaga breki mfululizo kutoka Kabarnet hadi Chebloch anaweza kufika hapo. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubinyika: unakanyaga pedeli, inazama, gari linaendelea na safari yake. Fungueni boneti mtazame kile kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yakiwa ya manjano hafifu, sawa. Yakiwa meusi kama strungi, mwambie fundi ayatoe yote, si kuongezea juu yake, na mfanye hivyo wiki moja kabla ili mpate muda wa kulizoea gari.

Pedi za breki nazo zipimwe unene magurudumu yote manne. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na makao yake pale Naivasha, huku kwetu kuna tamaa ya kufunga pedi za mashindano kwenye magari ya kwendea kazini. Pedi hizo hushika vizuri zikiwa za moto. Asubuhi ya baridi, ukiwa ndio kwanza unatoka, bodaboda ikikukatia ghafla zitakuangusha. Fungeni pedi nzuri za barabarani, na mteremke kwa gia ambayo mngeitumia kupanda kilima hichohicho. Gari la otomatiki lina njia ya kushika gia kwa mkono. Jifunzeni kuitumia nyumbani, msiisubiri kona ya tatu chini ya Kabarnet.

Kupanda kuna mambo yake pia. Kadiri mnavyokwenda juu hewa inapungua, na injini isiyo na tabo (turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Toyota 86 yenye nguvu za farasi 200 kwenye karatasi haina hizo 200 pale Iten. Imebaki na 150 na ushee. Rafiki yako mwenye Subaru ya tabo hatalihisi sana jambo hilo, na hapo ndipo hatari inapoingia: yeye anapita lori kwa mkupuo mmoja, wewe unamfuata ukidhani nafasi inawatosha nyote. Haitoshi. Mwenye tabo naye asizime injini mara tu anapofika juu. Aiache ingurume dakika moja au mbili ipoe.

Halafu kuna kifuniko cha radieta, kitu cha bei ndogo ambacho hakuna anayekiangalia. Juu ya mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na kinachoizuia radieta isichemke ni kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) pamoja na ule mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko. Mpira wake ukizeeka, gari lililokuwa salama Nakuru litatoa mvuke mkiwa Tambach, baada ya kupanda kutoka kwenye joto la bonde. Badilisheni kabla. Na kama injini yenu ni ya Kijapani iliyotengenezwa kwa petroli ya oktani 100 ya kwao, jazeni petroli ya oktani ya juu kabisa mnayoipata Nakuru, Eldoret na Kisumu. Vituo vya njiani vina petroli ya kawaida tu mara nyingi. Msiache tangi lishuke chini ya nusu ndipo mkumbuke.

Matairi: pimeni upepo asubuhi kabla hamjaendesha, kwa vipimo vya ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, si kwa kubahatisha na kijana wa pampu. Tazameni na umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2419 maana yake ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Gari la spoti hukaa sana bila kuendeshwa, kwa hiyo tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka. Mvua ya Nandi na Kericho, ambayo hupenda kunyesha alasiri na mara nyingine huja na mvua ya mawe, haina huruma na mpira wa namna hiyo.

Sasa matuta. Haya ndiyo yatakayowaharibia siku kuliko kitu kingine chochote. Kila kituo cha biashara kina lake, kila shule ina mawili, na mengi hayana rangi wala alama. Gari lililoshushwa kimo halipandi tuta kichwa mbele. Dereva anasimama kabisa, abiria au mwenzake wa gari la pili anashuka na kuinama karibu na bampa, halafu gari linaingia kwa upande: gurudumu la kushoto mbele linapanda kwanza, la kulia linafuata, mkono wa aliye chini ukipunga taratibu, taratibu, simama. Ukisikia mkwaruzo bampa ikiwa imeshapita, hiyo ni ekzosi au kinga ya chini ya injini. Usirudi nyuma kwa hasira, maana kurudi ndiko kunakoing'oa. Watoto watakusanyika kutazama. Wasalimieni, na mhakikishe hakuna aliye nyuma ya gurudumu. Kwa safari hii nawashauri waliofunga springi fupi wazirudishe zile za kiwandani. Najua watu hawapendi kuambiwa hivyo.

Kwenye buti wekeni vichache lakini vya maana. Rimu nyingi za spoti zina nati moja ya usalama kwa kila gurudumu, inayofunguka kwa kichwa chake maalumu tu, na mara nyingi kichwa hicho kimebaki gereji ya mwisho iliyowahudumia. Kitafuteni leo. Tafuteni pia ile ndoano ya kuvutia gari inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu la bampa. Bila hiyo, wenye nia njema watafunga kamba popote wanapoona chuma, na bampa itabaki mikononi mwao. Kama mna tairi la spea, livisheni gurudumu la mbele mkiwa nyumbani, kwa kuwa spea nyembamba mara nyingi haiingii kwenye breki kubwa. Kama hamna spea, bebeni vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme, mkijua kwamba havisaidii tairi likichanika ubavuni. Jeki iwe fupi ya kuingia chini ya gari lenyewe. Pembetatu mbili za onyo, maji lita tano kila gari, tochi, kisanduku cha huduma ya kwanza. Chukueni pia namba ya mtu wa Nakuru na wa Eldoret mwenye lori la kubebea magari mgongoni. Gari la magurudumu yote manne kama Subaru halivutwi magurudumu mawili yakiwa hewani na mengine yakiviringika chini.

Mapatano kati yenu wawili yafanyike mkiwa mmekaa, kabla ya mtu kuvaa mkanda. La kwanza: gari lenye nguvu kidogo, au dereva mgeni wa njia, atangulie. Wa nyuma atalalamika, mwache alalamike. La pili: kila mtu anapita lori kwa macho yake mwenyewe. Wa mbele akishapita, asiwashe indiketa kumwambia mwenzake "njoo". Yeye hauoni umbali uliobaki kutoka nyuma. Akae upande wake, apunguze mwendo, angoje. La tatu: mkipotezana, mnakutana mahali palipotajwa mapema, kwa mfano kituo cha mafuta cha kwanza Kabarnet, kisha Iten. Mtandao hukatika kwenye mabonde, kwa hiyo pakueni ramani kwenye simu kabla. Mazungumzo yawe ya simu isiyoshikwa mkononi, na mafupi.

Kuhusu sheria sina mengi. Barabara isiyogawanywa katikati kikomo ni kilomita 100 kwa saa kwa gari dogo, na mijini ni 50. Polisi wa njia hii wanajua vizuri ni wapi dereva wa gari la spoti hushawishika. Leseni na bima ziwe hai. Someni masharti ya bima yenu, kwa sababu bima nyingi hazilipi ajali ya mashindano, na huweza kukataa gari lililobadilishwa injini bila kampuni kuarifiwa. Mkitaka kurusha droni juu ya Kerio, isajiliwe kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Tokeni Nakuru saa kumi na mbili asubuhi. Mkiwa Marigat ulizeni hali ya usalama, kwa watu wa kituo cha mafuta au kwa polisi, kwani sehemu za Baringo na Kerio zimekuwa na uvamizi wa wezi wa mifugo. Njia kuu ya Kabarnet hadi Iten ipiteni mchana, na msichepuke kwenye njia za vumbi kwa ajili ya picha. Mbuzi na punda hawana ratiba. Chebloch mtakuta vijana wanaojirusha mtoni kutoka kwenye majabali. Egesheni mbali na daraja, na mkipiga picha mpatane malipo kwanza. Iten barabara ni ya wakimbiaji. Wanakwenda kwa makundi pembeni mwa lami, na wengine ni mabingwa wa dunia wasiotaka moshi wenu. Piteni polepole na mbali. Kapsabet kwenda chini, hesabuni mvua kuanzia saa tisa, na muwe Kisumu kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mtakula samaki Dunga, ngege wa kukaanga na ugali, mkono utoshe, uma hauna kazi.

Asali ya Baringo mkinunua njiani, chupa isimame wima. Buti la spoti hupata joto la ekzosi.

Siku ya kurudi inahitaji umakini kuliko ya kwenda, kwa kuwa mmechoka na breki zimeshafanya kazi. Kati ya Ahero na Awasi kuna trekta za miwa zenye matrela yasiyo na taa. Londiani Junction ndipo lori lililopoteza mwelekeo tarehe 30 Juni 2023 lilipoua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara. Msiegeshe hapo kununua chochote ukingoni mwa lami. Ingieni ndani kabisa au mpite. Mau Summit simameni robo saa, magurudumu yapoe, bila kuvuta breki ya mkono diski zikiwa za moto. Tieni gia na muweke jiwe. Kutoka hapo mnashuka hadi Salgaa kupitia Sachangwan, na ni pale Sachangwan ambapo lori la mafuta lililopinduka Januari 2009 liliwaka na kuua zaidi ya watu 100. Msikae mbele ya lori lililojaa kwenye mteremko huo, wala pembeni yake. Likiwa nyuma yenu na linakaribia, lipeni njia mapema mahali penye nafasi. Upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit nao ulianzishwa mwishoni mwa 2025, kwa hiyo tegemeeni michepuko yenye kokoto na vumbi, ambayo bampa fupi haipendi.

Yote hayo yanataka mwanga. Ondokeni Kisumu kabla ya saa tatu asubuhi. Mvua ikiwakalisha Kericho mpaka jioni, laleni Kericho. Vyumba vipo, na magari yaegeshwe penye mlinzi.