Mambo ya kuzingatia kabla ya kupima usugu wa mbu kwa dawa ya kuua wadudu

Viluwiluwi vya mbu chota kwenye madimbwi mengi yaliyo mbalimbali, hata kama shamba la mpunga la Doho kule Butaleja, Uganda, limejaa viluwiluwi pale ulipoegesha pikipiki. Dimbwi moja laweza kuwa na watoto wa mama mmoja. Hapo utapima ukoo, si eneo. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anofelesi, mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya Kyuleksi, mbu wa jamii nyingine, viache.

Vifuge hadi wawe mbu. Wanaopimwa ni majike wa siku 3 hadi 5 wasionyonya damu. Mbu mzee hufa upesi, ukadhani dawa ingali kali.

Karatasi za dawa zinazowekwa ndani ya tyubu za mbu (permethrini 0.75%, deltamethrini 0.05%) zitoe kwenye friji mapema zipate joto la chumba. Usizitumie zaidi ya mara 6. Glavu, bila mjadala.

Sasa kontroli, yaani mbu wa kulinganishia wasioguswa na dawa, ndiko kazi nyingi huharibikia. Tyubu 4 za dawa hupewa mbu 20 hadi 25 wazima kila moja, halafu zile 2 za kontroli zikajazwa masalia: waliovunjika miguu, waliobanwa na kifyonzeo (mrija wa kunyonyea mbu). Dakika 60 za karatasi zinapita, saa 24 za kungoja zinapita, nao wamekufa. Au bati limechemka saa nane mchana wakati kipimo kinataka nyuzi 27, tofauti isizidi 2. Au pamba ya maji ya sukari ya 10% imekauka. Au sisimizi wamepanda, maana miguu ya meza haikusimamishwa kwenye vikopo vya maji.

Kontroli wakifa zaidi ya 20%, tupa jaribio zima. Wakifa kati ya 5% na 20%, sahihisha. Tuseme dawa imeua 90% na kontroli wamekufa 10%: 90 toa 10 ni 80, gawanya kwa 90 (yaani 100 toa 10), unapata 88.9%. Si tofauti ndogo hiyo. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, vifo vya 90% hadi 97% ni usugu unaoshukiwa, urudie kupima. Chini ya 90% umethibitika.

Andaa pia karatasi za PBO 4% (kemikali inayozuia vimeng'enya vya mbu), mbu wakae nazo dakika 60 kabla ya dawa. Vifo vikipanda, vimeng'enya vyao ndivyo vinavyoivunja dawa, na chandarua chenye PBO kina maana hapo.

Umeme hukatika, weka akiba. Na ufunguo wa chumba ubaki kwa mtu mmoja, asije mtu akapuliza dawa ya mende.