Pothosi Inayonyauka Huku Udongo Umelowa: Namna ya Kuichunguza na Kuiokoa

Mwezi uliopita jirani yangu wa Ipagala aliniletea pothosi yake, mmea wa ndani unaotambaa, ikiwa imelegea na majani yamegeuka manjano, ilhali aliimwagilia kila asubuhi akiamini kwamba ukame wa Dodoma ndio ulioidhuru. Kosa hilo la kumwagilia kupita kiasi nililitenda mimi pia, nikapoteza mmea mzima.

1. Pima unyevu. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo hadi chini ya chungu, kisha ukichomoe. Kikitoka kikavu, mmea una kiu, nao ukinyweshwa husimama upesi. Kikitoka na tope, usiongeze hata tone; endelea na hatua ya 2.

2. Kagua mizizi. Toa mmea na usuuze udongo wote. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe au wa kahawia hafifu. Uliooza ni mweusi, unanuka kama maji ya mtaro, na ukiuvuta ganda huchomoka ukabaki uzi mwembamba mkononi. Kata kila uliooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Mara ya kwanza niliionea huruma mizizi iliyooza nusu, nikaiacha, na baada ya siku chache nikalazimika kurudia kazi yote. Punguza mashina pia, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kulisha mita 2 za majani. Vipande hivyo usivitupe: kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoungana na shina, uviweke kwenye glasi ya maji. Kipande kisicho na kifundo hakitachipua hata kikikaa majini miezi. Chenye kifundo huhitaji wiki 2 hadi 4, na huchelewa zaidi wakati wa baridi ya Juni na Julai.

3. Panda upya. Tumia chungu cha udongo chenye tundu, kisichozidi sana ukubwa wa mizizi. Vya plastiki sivipendi, kwani hukawia kukauka. Changanya udongo, mchanga mnene na maganda ya mpunga. Kokoto za chini, ambazo wengi huzisifu, hazikaushi udongo bali husogeza maji yaliyotuama karibu na mizizi.

4. Dalili nyingine. Ukoko mweupe juu ya udongo pamoja na ncha zilizokauka mara nyingi hutokana na chumvi ya maji ya kisima. Pitisha maji mengi ya mvua hadi yatoke chini. Utando mwembamba nyuma ya majani wakati wa kiangazi ni wa utitiri, vijidudu vidogo mno: oshea majani maji ya sabuni kidogo, urudie kila wiki.