Jinsi ya kufuma kitambaa cha nyuso mbili kwa kumfuata Anni Albers

Mwaka 1929, akiwa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu huko Dessau, Ujerumani, mfumaji Anni Albers alibuni kitambaa cha ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi iliyojengwa Bernau. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Upande mmoja wa kitambaa aliutia selofani, yaani utando mwembamba unaong'aa wa kufungia vitu, ili urudishe mwanga. Wa pili aliutia uzi wenye manyoya ili unyonye sauti. Kazi hiyo ilimpatia stashahada mwaka 1930. Picha haionyeshi werevu uliomo, kwa hiyo fuma kipande.

Chukua fremu ya mbao ya sm 30 kwa 40. Pigilia misumari 21 juu, kila baada ya sm 1, na 20 chini, kila mmoja ukielekea katikati ya nafasi ya misumari miwili ya juu. Tanda uzi wa pamba usionyumbuka, juu na chini, bila kuukata. Utapata nyuzi 40 za mtande, yaani nyuzi za wima.

Mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukatiza mtande, ni wa aina mbili: selofani iliyokatwa mikanda ya sm 1 na kusokotwa kidogo (isiposokotwa huchanika), na sufu nene. Hesabu mtande nne nne, daima kutoka kushoto, hata unapofuma ukirudi.

Kwanza selofani ipite chini ya uzi wa 1 na juu ya 2, 3 na 4. Papo hapo sufu ipite juu ya uzi wa 3 tu. Zamu ya pili: selofani chini ya 2, sufu juu ya 4. Ya tatu: chini ya 3, juu ya 1. Ya nne: chini ya 4, juu ya 2. Rudia. Siri yote iko hapa: sufu hujitokeza katikati kabisa ya mruko wa selofani, yaani pale inaporuka nyuzi tatu, nayo ikafunikwa. Ukikosea uzi mmoja, vidoa vya sufu huonekana upande unaong'aa.

Kila zamu, zungusha mshindio kwenye uzi wa pembeni, la sivyo ukingo utafumuka. Kingo zikiingia ndani, unavuta mno: ulaze mshindio ukiwa umepinda kama upinde, kisha ushindilie kwa uma.

Huna selofani? Katika Black Mountain College, Marekani, alikofundisha kuanzia 1933, Albers aliwapa wanafunzi mazoezi ya nyasi, karatasi na hata punje za mahindi. Ukindu unafaa sana. Uloweke kwanza, maana mkavu hukatika unapopinda, na kila unapounga, pandanisha ncha kwa sm 3. Selofani usiipige pasi.