Barua pepe ya ofisi imegoma kufunguka kwenye kivinjari: jinsi ya kuomba msaada bila kupoteza siku tatu

Jumatano ile nilifika kazini saa mbili kasoro robo. Ripoti ya robo mwaka ilitakiwa imfikie mfadhili Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na mfadhili wetu hapokei ripoti kutoka Gmail ya mtu binafsi, anataka itoke kwenye anwani ya ofisi. Nikafungua ukurasa wa barua pepe, nikaweka nenosiri, likakataliwa. Nikarudia. Nikarudia tena kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kwenye jaribio la saba au la nane ukurasa wenyewe ukatoweka. Kivinjari kilizunguka weee, mwisho kikasema tovuti imechukua muda mrefu mno kujibu.

Nikaiandikia kampuni inayotutunzia barua pepe, nikaomba nenosiri jipya. Likaja Alhamisi mchana na halikufungua kitu. Ripoti ilimfikia mfadhili Jumatatu.

Nenosiri lilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Mwenzangu alikuwa amelibadilisha Jumanne jioni, kwa hiyo nilichokuwa nikiandika kilikuwa cha zamani. Seva, yaani kompyuta ya kampuni ile inayotunza barua zetu, ilipoona mtu anabahatisha mara nyingi hivyo, ikaufungia nje mtandao mzima wa ofisi. Niliomba nisichokihitaji, nikapewa nilichoomba, na siku mbili zikapita. Naandika haya ili wewe uombe kitu sahihi mara ya kwanza.

Jaribio la tatu likishindikana, acha

Seva nyingi za barua pepe zina ulinzi unaohesabu majaribio yaliyokosewa. Ukivuka kiwango, nyingine zinafunga jina la akaunti kwa muda, nyingine zinafunga anwani ya IP unayotokea, yaani namba inayoutambulisha mtandao wako kwenye intaneti, na zipo zinazofunga vyote viwili. Kila jaribio jipya linaweza kukuongezea kifungo. Kabla ya jaribio la tatu, bonyeza alama ya jicho pembeni ya kisanduku cha nenosiri usome kilichoandikwa mle. Mara nyingi kivinjari kimejijazia nenosiri la zamani lililohifadhiwa, au Caps Lock imewaka. Hakikisha pia umeandika anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Kwenye seva nyingi za cPanel, mfumo wa kusimamia tovuti na barua pepe, jina tupu halitoshi.

Usitafute ukurasa wa kuingilia kwenye Google. Unaweza kuangukia ukurasa wa kampuni nyingine unaofanana na wenu kabisa, na pengine wa matapeli. Tumia anwani mliyopewa rasmi. Kwa waliohifadhiwa kwenye cPanel, anwani yenye usalama kwa kawaida huishia na namba 2096. Ile ya 2095 haina usimbaji, yaani haifichi unachotuma njiani, usiweke nenosiri lako pale.

Badilisha njia kabla ya kubadilisha nenosiri

Hiki ndicho kipimo ambacho kingeniokoa. Chukua simu, zima Wi-Fi, washa bando, kisha fungua ukurasa uleule wa barua pepe kwenye kivinjari cha simu. Usiweke nenosiri kwanza, angalia tu kama ukurasa unakuja.

Ukija kwenye bando na ukakataa kwenye mtandao wa ofisi, huku tovuti nyingine za ofisini zikifunguka vizuri, basi karibu hakika anwani ya IP ya ofisi imefungiwa. Muulize na mwenzako wa meza ya pili: kama na yeye kwake haufunguki, umepata jibu, kwa sababu kompyuta zote zilizo nyuma ya ruta moja zinaonekana na seva kama anwani moja. Kosa la mtu mmoja linawafungia wote.

Usipokuja kokote, tatizo liko upande wa seva au jina la kikoa, lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani yenu. Jaribu kufungua tovuti yenu ya kawaida. Nayo ikiwa haipo, mwulize mhasibu kama kikoa kililipiwa mwaka huu. Kikoa kikiisha muda, tovuti na barua pepe huondoka pamoja, na hapo hakuna nenosiri litakalosaidia.

Ukija kote lakini nenosiri likakataliwa kote, hapo sasa ndipo tatizo ni akaunti au nenosiri, na hapo ndipo kuomba nenosiri jipya kuna maana.

Na ukija kwenye bando, usikae kungoja. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta, fanya kazi yako. Alhamisi mchana, nikiwa na nenosiri jipya mkononi, ningeweza kutuma ripoti kwa hotspoti kwa dakika kumi. Wazo hilo halikunijia wiki ile yote, na bado inaniuma.

Kama ukurasa unakuja lakini haukai sawa

Hapa lawama ni ya kivinjari na mara nyingi utamaliza mwenyewe. Fungua dirisha fiche: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Mambo yakienda vizuri mle, basi kwenye dirisha la kawaida kuna kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) iliyooza, vidakuzi (vifaili ambavyo tovuti hukukumbukia) vilivyoharibika, au kiendelezi (kiprogramu kilichoongezwa kwenye kivinjari) kinachoingilia, hasa vile vya kuzuia matangazo.

Usikimbilie kufuta kila kitu. Nimeona mtu anafuta data yote ya kuvinjari na kuweka tiki hadi kwenye manenosiri yaliyohifadhiwa, akapoteza na ya benki. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani juu ya kivinjari, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, futa vya tovuti hiyo moja tu. Kisha zima viendelezi kimoja kimoja. Ukiona unaingia, ukurasa unapepesa, halafu unarudishwa palepale pa kuingilia bila ujumbe wowote wa kosa, angalia kwanza kama kivinjari kimezuiwa kupokea vidakuzi. Bila vidakuzi seva haikukumbuki, ni kama mgeni anayebisha hodi upya kila hatua.

Kompyuta zenye Windows 7 zilibaki na Chrome toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Ukurasa mpya unaweza kuonekana mweupe au vitufe visibonyezeke. Jaribu kompyuta nyingine kabla ya kumsumbua mtu yeyote.

Onyo la usalama: tazama saa

Kwenye steshenari moja jirani na ofisi yetu kuna kompyuta ambayo kila umeme ukikatika hurudi na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Betri yake ndogo ya ndani, ile bapa kama sarafu, imekufa. Kijana wa pale alikuwa anawaambia wateja intaneti ni mbovu, maana kila tovuti ilikuja na onyo kwamba muunganisho si wa faragha. Nikamwonyesha kona ya chini kulia ya skrini: mwaka 2009. Tukarekebisha tarehe, kila kitu kikafunguka. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini tupo 2009 inaona cheti hicho hakijazaliwa.

Kama saa yako ni sahihi na onyo linawatokea watu wote, basi mara nyingi cheti cha seva kimeisha kweli. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimezoeleka kuishi siku 90 na hutakiwa kujihuisha vyenyewe, ila kujihuisha huko hukwama mara nyingine. Usibonyeze kuendelea hivyohivyo ukaweka nenosiri. Waandikie.

Unaingia, lakini barua haziji au haziendi

Angalia nafasi ya sanduku. Kwenye Roundcube, programu ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari, kiasi kilichotumika huonyeshwa chini ya orodha ya folda. Sanduku likijaa, wanaokuandikia wanarudishiwa barua zao, na wewe hata kufuta kunaweza kugoma, kwa sababu kufuta ni kuhamishia kwenye tupio, na tupio nalo ni nafasi ileile. Shikilia Shift unapofuta, barua inaondoka moja kwa moja. Anza na folda ya zilizotumwa, ndiko viambatisho vikubwa vinakojilundika. Kwa Gmail ni GB 15 za bure, na zinagawanywa na picha zako na Drive.

Kiambatisho kikikataa, kumbuka faili huvimba kama theluthi moja likisafiri kwa barua pepe. Seva yenye kikomo cha MB 25 kwa barua nzima itakataa faili la MB 20.

Kuandika ombi lenyewe

Ukishajua tatizo liko upande wao, andika. Andika kutoka anwani nyingine unayoweza kuifikia, na kama mna mkataba, ombi litoke kwa mtu ambaye jina lake lipo kwao kama msimamizi wa akaunti. Hapa nililala tena. Mimi si msimamizi, hivyo ombi langu la kwanza lilikaa saa tano likisubiri bosi athibitishe. Mnakili bosi tangu mwanzo, umwombe ajibu neno moja tu la kukubali.

Fundi anahitaji vitu ambavyo wewe tu unaweza kumpa. Kikubwa ni anwani ya IP ya nje ya ofisi. Ukiwa kwenye mtandao wa ofisi, si bando, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP na uinakili. Usimpe ile unayoiona kwenye mipangilio ya kompyuta. Mimi nilituma 192.168.1.14, na Ijumaa asubuhi fundi akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni ya ndani, mamilioni ya kompyuta duniani zina namba kama hiyo. Zinazoanza na 192.168 au 10 hazimsaidii. Jioni nzima ilipotea kwa namba moja.

Ombi langu la mwisho, lililohudumiwa ndani ya saa mbili, lilikuwa hivi:

*Habari za kazi. Naomba mfungue anwani ya IP ya ofisi yetu, [namba], ambayo nadhani imefungiwa na ulinzi wa seva tangu Jumatano saa 2:10 asubuhi baada ya nenosiri kukosewa mara nyingi kwenye akaunti [anwani kamili]. Ukurasa wa kuingilia haufunguki kwa kompyuta zote za ofisi, lakini unafunguka kwa bando la simu. Tumejaribu Chrome na Firefox, na dirisha fiche. Nenosiri jipya tunalo, hatuombi jingine. Kama akaunti yenyewe pia imefungwa, naomba ifunguliwe. Tafadhali nitajieni pia ni akaunti ipi na programu ipi iliyosababisha kufungiwa. Nimeambatisha picha ya skrini. Simu: [namba].*

Kwenye picha ya skrini, anwani ya juu na saa ya chini vionekane. Maneno ya kosa yanakili kama yalivyo. "Haifunguki" peke yake haimwambii fundi lolote. Nenosiri usilitume kamwe, hata ukiombwa. Fundi halisi halihitaji, ana uwezo wa kuweka jipya.

Kama mnatumia ruta ya laini ya simu, mjue kwamba wateja wengi huweza kutoka kwa anwani moja ya nje, kwa hiyo mnaweza kufungiwa kwa kosa la mtu msiyemjua. Kuzima ruta na kuiwasha mara nyingine hukupa anwani nyingine na mambo yakafunguka. Likitokea mara kwa mara, zungumzeni na mtoa huduma kuhusu anwani ya kudumu.

Ukifunguliwa, usishangilie bado

Kwetu ilifunguka Ijumaa saa sita na nusu. Nikaandika barua kwa mfadhili, nikaanza kupandisha kiambatisho, na mstari ulipofika katikati ukasimama. Tulikuwa tumefungiwa upya, dakika ishirini tu baada ya kufunguliwa, na hakuna aliyegusa nenosiri.

Jibu lilikuwa kwenye ile sentensi ya kuuliza programu iliyosababisha. Fundi alitazama kumbukumbu za seva akasema kuna simu inayojaribu kuingia kila dakika chache kwa nenosiri la zamani. Kila nenosiri likibadilishwa, vifaa vyote vyenye akaunti hiyo, simu, tableti, Outlook ya kompyuta ya mapokezi, vinaendelea kubisha na lile la zamani mpaka vifundishwe jipya au viondolewe. Kwa hiyo kabla hamjaomba kufunguliwa, orodhesheni kila kifaa kilichowahi kuwekewa akaunti, na muiondoe hata kwenye vile visivyotumika.

Sisi tulimaliza orodha tukabaki hatujui ni simu ipi. Jumatatu asubuhi mwenzetu wa stoo akakumbuka simu ya zamani ya ofisi, ya kupigia madereva. Ilikuwa kwenye droo, kwenye chaji, imeunganishwa na Wi-Fi. Tuliitoa akaunti ile, tukaomba kufunguliwa mara ya pili, na saa nne ripoti ikaondoka.